Pampu iko shambani, wewe uko mjini: rimoti ya redio, laini ya simu, Wi-Fi au LoRa?

Mtu anayetaka kuwasha pampu akiwa mbali huanza kwa kuuliza ni kifaa gani kinafika mbali zaidi. Ni swali la maana, ila lina mkubwa wake. Njia zote nne ninazozilinganisha hapa zinawasha bila shida. Zinapoachana ni kwenye kuzima, na hasa kwenye kile kinachotokea mawasiliano yakikatika huku pampu inazunguka. Pampu iliyokataa kuwaka inakukosesha maji ya siku moja. Pampu iliyokataa kuzima inamwaga maji hadi uniti za LUKU ziishe, na kisima kikikauka inazunguka bila maji mpaka inaungua.

Kazi ninayoitumia kupimia ni hii: pampu ya kuzama ya HP 1.5, fezi moja, imo ndani ya kisima kirefu shambani, inapandisha maji kwenye simtanki lililo juu ya mnara. Mwenye shamba anaishi mjini, pengine hata Muscat au Toronto. Mlinzi yupo, lakini ana kazi zake, na si haki kumfanya asimamie tanki usiku kucha. Kama wewe unataka kuwasha taa za uani, feni za banda la kuku, king'ora au geti, sehemu kubwa ya hoja zitabaki zilezile, na zinapobadilika nitasema.

Kabla ya redio: kontakta na boya

Njia yoyote utakayochagua, amri yako inaishia kwenye rilei, swichi ndogo inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme. Ile rilei ndogo ya bluu ya Songle inayokuja kwenye bodi za kujifunzia imeandikwa ampea 10 kwa volti 250, na maandishi hayo yameunguza vifaa vingi. Ampea hizo ni za mzigo mtulivu kama hita. Mota ya HP 1.5 inavuta ampea 7 hadi 9 ikishachanganya, lakini pale inapoanza inaweza kuvuta mara tano hadi saba ya hapo. Vidole vya rilei vinayeyuka na kugandana. Vikishagandana, unatuma amri ya kuzima, bodi inaitikia, taa yake ndogo inazimika, na pampu inaendelea kama kawaida.

Kwa hiyo rilei iwashe kontakta, yaani swichi kubwa ya aina hiyohiyo iliyotengenezwa kubeba mota, kisha kontakta ndiyo iwashe pampu. Koili ya kontakta ndogo, yaani waya uliosokotwa unaoivuta ifunge, haivuti hata nusu ampea, mzigo ambao rilei ya bluu inaumudu. Unaponunua kontakta, soma ampea zilizoandikwa kwenye mstari wa AC-3, maana ndizo za mota. Ile namba kubwa iliyoandikwa AC-1 ni ya hita na mizigo ya aina hiyo. Chini ya kontakta ikae ovalodi, kinga inayokata umeme mota ikivuta kupita kiasi, iliyorekebishwa kulingana na ampea za kwenye kibandiko cha pampu. Na kwa kuwa koili inapoachia hurudisha mshtuko unaoweza kuifanya bodi ijiwashe upya, funga sambamba nayo kapasita ya mikrofaradi 0.1 ya aina ya X2 ikifuatana na rezista ya omu 100. Ni vipande viwili vya bei ndogo, na vinaondoa ule ugonjwa wa "inafanya kazi mezani, inagoma shambani" ambao watu huhangaika nao wiki nzima wakikagua programu isiyo na kosa.

Upande wa volti 230 mwachie fundi mwenye leseni. Leseni hizo hutolewa na mamlaka za nishati: Tanzania ni EWURA, Kenya ni EPRA. Kujifunza elektroniki ni kuzuri na nakuhimiza, lakini fanya majaribio yako upande wa volti 5.

Kisha boya. Swichi ya boya ndani ya tanki iungwe mfululizo na koili ya kontakta, ili tanki likijaa koili ikose umeme hata kama bodi yako imeganda, laini imefungwa au programu ina kasoro. Kama kisima na tanki viko ua mmoja, boya na waya wake vinamaliza kazi nzima. Huhitaji redio wala intaneti, na ningekushauri uishie hapo. Makala haya yanamfaa yule ambaye tanki na kisima vimeachana mbali, au anayetaka kuamua mwenyewe saa ya kumwagilia, au ambaye kisima chake hakina maji ya kutosha kuachiwa kijiendeshe.

Rimoti ya megahezi 433

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na ukizunguka maduka ya elektroniki ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, huikosi. Unapata bodi yenye rilei na rimoti ndogo ya kuning'iniza kwenye funguo, unazifundisha zitambuane kwa kubonyeza kitufe, umemaliza. Hakuna programu ya kuandika. Anayetaka kujifunza achukue jozi ya moduli tupu, FS1000A ya kurusha pamoja na kipokezi chake, aziunge na Arduino mbili, zile bodi ndogo za kujifunzia unazoziandikia programu. Kwenye moduli hizo weka kipande cha waya cha sentimita 17.3 kila upande. Ndiyo robo ya wimbi la megahezi 433.92, na bila waya huo umbali unapungua sana.

Kwenye maboksi huandikwa mita mia au zaidi, na uwanja ukiwa wazi zinapatikana. Weka ukuta wa zege, paa la bati na mwembe mkubwa katikati, hesabu hiyo inavunjika. Bati hasa halina huruma na mawimbi.

Kasoro inayonihangaisha zaidi ni kwamba rimoti inasema tu, haisikii. Ukibonyeza na huoni wala husikii pampu, hujui amri imefika au la. Mbaya zaidi ni ile hali ya kitufe kimoja, ambapo bonyezo la kwanza linawasha na la pili linazima. Bonyezo moja likipotea hewani, kuanzia hapo wewe na bodi mnahesabu tofauti: unadhani umezima kumbe umewasha. Bodi nyingi zinakuruhusu kuchagua hali nyingine, ambapo kitufe kimoja ni cha kuwasha tu na kingine cha kuzima tu. Chagua hiyo bila kufikiri mara mbili. Ukiwa na wasiwasi unabonyeza kuzima mara tatu mfululizo, na hakuna kinachoharibika.

Kuhusu usalama, chipu za EV1527 zilizomo kwenye rimoti nyingi hizi zina namba ya biti 20, yaani zaidi ya namba milioni moja, kwa hiyo rimoti ya jirani haitawasha kitu chako kwa bahati mbaya. Lakini namba hiyo haibadiliki kamwe, na mwenye kipokezi cha redio cha kuchomeka kwenye kompyuta anaweza kuinasa na baadaye kuirusha upya. Kwa taa za uani hilo si tatizo. Kwa geti la nyumba usikubali. Tafuta mfumo ambao namba hubadilika kila unapobonyeza.

Kwa pampu yetu ya shambani, rimoti hii haifai. Kwa pampu ndogo ya nyumbani unayoisikia ukiwa sebuleni inafaa kabisa, na sioni sababu ya mtu kutumia zaidi ya hapo.

Laini ya simu

Hapa nitakaa sana, kwa sababu kwa shamba lisilo na intaneti hii ndiyo ningeichagua kwanza.

Moduli inayojulikana zaidi ni SIM800L ya kampuni ya SIMCom. Inakaa kwenye kiganja, inashika bendi za megahezi 850, 900, 1800 na 1900, na unaizungumzisha kwa amri za maandishi kutoka kwenye Arduino. Lawama nyingi inazopata ni za umeme. Inataka volti 3.4 hadi 4.4, na inaporusha mawimbi inavuta hadi ampea 2 kwa mishtuko mifupi sana. Ukiilisha kutoka pini ya volti 5 ya Arduino unakosea mara mbili: volti zimezidi na ampea hazitoshi. Dalili yake ni taa inayopepesa haraka bila kutulia, moduli ikijizima kila inapotafuta mtandao. Watu huilaumu minara.

Dawa yake ni betri ya lithiamu ya 18650, ambayo volti zake, 3.7 za kawaida na 4.2 ikijaa, zinaangukia palepale moduli inapopataka. Ongeza kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na moduli, na chaja ndogo ya kuijaza betri umeme ukiwepo. Faida ya betri haiishii hapo. Umeme ukikatika, moduli inabaki hai na inaweza kukutumia meseji: umeme umeondoka shambani. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayokupa habari hiyo kwa urahisi namna hii. Kumbuka pia kwamba pini za mawasiliano za SIM800L ni za volti 2.8, hivyo mstari unaotoka Arduino ya volti 5 upitie rezista mbili za kugawanya volti.

Amri zinaweza kuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni kubipu. Moduli ikipigiwa inapewa namba ya mpigaji kabla ya kupokea. Programu inailinganisha na namba zilizoruhusiwa, inakata simu, inatekeleza. Simu haikupokelewa, kwa hiyo hakuna salio linalokatwa. Ni nzuri sana, ila bipu ina neno moja tu. Ukiifanya bipu ya kwanza iwashe na ya pili izime, umerudi kwenye ule msiba wa kitufe kimoja. Nashauri bipu iwe na maana moja isiyobadilika: washa kwa dakika thelathini kisha jizime. Ukitaka zaidi, bipu tena muda ukiisha.

Njia ya pili ni meseji, na hapa unapata maneno mengi: WASHA 40, ZIMA, HALI. Gharama yake ni ndogo na inabeba kitu muhimu kuliko vyote, ambacho ni jibu. Lakini jibu liwe la kweli. Programu nyingi zinazosambazwa zinajibu "pampu imewaka" mara tu zinapoipa rilei amri, na tumeona juu kwamba rilei na pampu ni vitu viwili tofauti. Weka kipimo cha umeme kwenye waya wa pampu yenyewe, kama PZEM-004T inayosoma volti, ampea na wati, kisha jibu liseme "inazunguka, ampea 7.6" au "nimeamuru kuwasha lakini ampea ni 0". Kipimo hichohicho kinakulindia pampu. Ikiishiwa maji, mzigo unapungua na wati zinashuka chini ya kawaida. Programu ikiona hivyo kwa sekunde kadhaa mfululizo, izime na ikuarifu. Kwa kisima kinachokauka mwezi wa tisa, kipimo hiki kinajilipa chenyewe.

Mitego ya laini ya simu ni ya kienyeji, na maelekezo ya kigeni hayaitaji. Mtandao mmoja unaweza kukuonyesha namba ya mpigaji ikianza na +255, mwingine ikianza na 07. Ukilinganisha namba nzima, siku moja bosi mwenyewe atakataliwa. Linganisha tarakimu tisa za mwisho tu. Kwa namba za Kenya zinazoanza na +254 hesabu ni hiyohiyo. Mtego wa pili ni meseji za matangazo. Laini ina nafasi chache za kuhifadhi meseji, na ofa za mtandao zinazijaza. Zikijaa, amri zako hazipokelewi na hutaambiwa kwa nini. Programu ifute kila meseji ikishaisoma, ya kwako au ya tangazo. Wa tatu ni kwamba laini inayopokea bipu tu, isiyotuma kitu wala kuongezewa salio kwa muda mrefu, mwishowe hufungwa na mtandao. Ifanye itume meseji ya hali mara moja kwa wiki. Inabaki hai, na wewe unapata ripoti.

Kuna maboksi yaliyotengenezwa tayari, kama RTU5024, yaliyobuniwa kufungua mageti kwa kupigiwa simu. Kwa geti ni suluhisho safi na huhitaji kulehemu chochote. Kwa pampu yana upungufu uleule: yanajua rilei yao, hayajui maji.

Swali la mwisho ni maisha ya mtandao wa 2G, kwa sababu SIM800L haijui mwingine. AT&T ya Marekani ilizima 2G mwanzoni mwa 2017, na Telstra ya Australia ilitangulia Desemba 2016. Kwetu 2G bado inabeba simu za kitochi, na kwa hiyo moduli hii bado ina kazi. Lakini anayefunga kitu cha kukaa shambani miaka mingi aangalie moduli za 4G kama A7670 ya kampuni hiyohiyo. Bei ni kubwa zaidi, na zina matoleo tofauti kwa kanda tofauti za dunia. Hakikisha bendi za toleo unalonunua zinalingana na za mtandao wako. Ndugu akikuletea kutoka ng'ambo, mtajie toleo kamili.

Wi-Fi

ESP8266 ya kampuni ya Espressif ilipoingia sokoni 2014 ilibadilisha mambo, kwa sababu maikrokontrola (kompyuta ndogo ya kuongoza vifaa) na Wi-Fi vilikuwa chipu moja ya bei ndogo. Leo swichi nyingi za kununua tayari, kama Sonoff Basic, zimejengwa juu ya chipu za familia hiyo. Kama shamba lako lina ruta inayowaka muda wote, au pampu iko nyumbani, hii ndiyo njia yenye raha kuliko zote: unaona hali kwenye simu, unapanga ratiba, unapata historia ya matumizi, na kutuma amri hakukatwi salio kila mara.

Neno "kama" hapo juu lina uzito mkubwa. Amri inapita kwenye simu yako, seva iliyoko mbali, mnara, ruta, kisha bodi. Kiungo kimoja kikianguka, huna swichi. Bando likiisha usiku, huna swichi. Umeme ukirudi na ruta ikachelewa kuamka, huna swichi kwa dakika kadhaa. Kiasi cha data chenyewe ni kidogo, megabaiti chache hadi makumi machache kwa mwezi. Shida ni bando kuwa na tarehe ya mwisho, na mtu wa kulinunua kuwa mbali.

Kuna pia suala la seva ni ya nani. Aprili 2022 kampuni ya Insteon ya Marekani ilizima seva zake bila taarifa, na nyumba za wateja wake zikapoteza amri za mbali siku hiyohiyo, vifaa vyenyewe vikiwa vizima kabisa. Huduma ilirudi baadaye baada ya kundi la wateja kuinunua, lakini funzo lilibaki kwa wengi wetu. Ndiyo maana napendelea programu huria kama Tasmota au ESPHome, zinazokuruhusu kutumia itifaki ya MQTT na seva yoyote unayoitaka, hata kompyuta ndogo yako mwenyewe. MQTT ilibuniwa 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kusimamia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, yaani kwa mawasiliano ya gharama kubwa yanayokatika. Umbile hilo linafaa sana mazingira yetu. Bodi inapojiunga inamwachia seva wosia: nikipotea, watangazie kwamba sipo. Kwa hiyo simu yako inaweza kukuambia kwamba kifaa hakipatikani, badala ya kukuonyesha hali ya jana kana kwamba ni ya sasa. Faida nyingine ni kwamba bodi ndiyo inayoipigia seva, kwa hiyo haijalishi kwamba mitandao yetu ya simu haikupi anwani ya kufikiwa kutoka nje.

Ukitumia Tasmota, rekebisha mambo mawili kabla ya kitu kingine chochote. PowerOnState iweke 0, ili umeme ukirudi pampu ibaki imezimwa. Ukiiacha kama ilivyokuja, inarudi kwenye hali ya mwisho, na shamba linaweza kuamka saa tisa usiku likimwaga maji. PulseTime iweke 1900, namba ambayo kwa hesabu ya Tasmota ni sekunde 1,800: pampu ikiwashwa inajizima yenyewe baada ya nusu saa, intaneti iwepo isiwepo. Mpangilio huu wa pili ndio unaoifanya Wi-Fi ikubalike kwangu kwa kazi ya pampu.

Onyo moja kwa wanaofungua Sonoff ili kubadilisha programu: ndani yake, upande wa chipu haujatengwa na umeme wa ukutani. Usiiunganishe na kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye volti 230, hata kwa sekunde moja. Chomoa, ilishe volti 3.3 kutoka kwenye adapta ya programu, ukimaliza funga kifuniko ndipo uirudishe kwenye umeme.

Bluetooth siiweki kwenye ulinganisho huu. Umbali wake wa mita kumi hivi unamtaka mtu awe pale, na akiwa pale atabonyeza swichi.

LoRa

LoRa ni redio ya masafa marefu. Kampuni ya Semtech iliipata teknolojia hii ilipoinunua kampuni ya Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, mwaka 2012. Inarusha ujumbe mfupi, polepole, kwa nguvu ndogo, na unafika kilomita kadhaa penye uwazi. Chipu SX1276 na SX1278 zinarusha hadi miliwati 100. Kwenye upana wa kawaida wa kilohezi 125, ukizipunguza mwendo hadi mwisho zinapitisha kama biti 290 kwa sekunde, kiasi kwamba ujumbe wa herufi kumi unachukua karibu sekunde nzima hewani. Kwa picha ni kichekesho. Kwa neno ZIMA ni sawa kabisa.

Uzuri wake kwa mkulima ni kwamba hakuna laini, hakuna bando, hakuna malipo ya mwezi, na mazungumzo ni ya pande mbili. Kama unakaa kwenye kilima na kisima kiko bondeni kilomita mbili kutoka hapo, mnaonana, LoRa inazishinda njia nyingine zote, hata laini ya simu. Bodi kama za Heltec na LilyGO zina ESP32, ndugu mpya wa ile ESP8266, na redio ya LoRa pamoja, nyingine zikiwa na kioo kidogo cha kuonyesha maandishi, mbili zinatosha.

Ubaya wake ni kwamba programu unaiandika mwenyewe, pamoja na majibu na usalama. Ujumbe wa LoRa ulioachwa tupu unasomwa na yeyote mwenye moduli ya bendi hiyo, kwa hiyo weka namba ya siri na hesabu inayoongezeka kila ujumbe, ili wa jana usiweze kurudiwa leo. Mpangilio ninaoupenda ni huu: ukitaka pampu iwake, kituo cha nyumbani kinarudia amri ya WASHA kila dakika; kituo cha kisimani kisipoisikia kwa dakika tatu kinazima. Hapo kukatika kwa mawasiliano kwenyewe kunakuwa amri ya kuzima. Katika njia zote nne sijaona mpango salama kuliko huu, na ndio unaoifanya LoRa istahili taabu yake.

Kuhusu bendi, kuna moduli za megahezi 433, 868 na 915, na kila nchi ina masharti yake ya nguvu na muda wa kurusha. Uliza mamlaka ya mawasiliano, TCRA ukiwa Tanzania au CA ukiwa Kenya, kabla ya kununua. Na usiwashe moduli bila antena. Nguvu inayokosa pa kutokea inairudia chipu na inaweza kuiua.

Uchague ipi

Shamba liko mbali, hakuna intaneti, simu inashika: laini ya simu, kwa meseji zenye muda na jibu la ampea, na bipu kama njia ya mkato. Kwa walio wengi jibu ni hili.

Pampu iko nyumbani penye ruta ya kudumu: Wi-Fi yenye Tasmota, kontakta, na ile mipangilio miwili. Aliye Muscat au Toronto na nyumba yake ina intaneti ya uhakika pia aende huku, kwa kuwa kutuma meseji za kimataifa kila siku kunachosha mfuko. Akitaka usalama zaidi aongeze laini ya simu ya kuzima tu, yenye rilei yake iliyofungwa mfululizo na ile ya kwanza.

Mnaonana kwa macho lakini mmeachana kilomita: LoRa, iwapo wewe au kijana wako mnaweza kuandika programu. Kama hakuna wa kuiandika wala wa kuitengeneza mwakani, rudi kwenye laini ya simu. Kifaa ambacho hakuna anayekielewa pale kijijini kitakufa siku ya kwanza kitakapogoma.

Pampu za sola zinarahisisha mambo. Vidhibiti vyake vingi vina vituo viwili vya kufungia boya, na rilei ndogo ikifungwa hapo inaamuru pampu bila kugusa umeme mkubwa, wala huhitaji kontakta. Njia ya mawasiliano unaichagua kwa hoja zilezile.

Ukishafunga, jaribu kabla ya kuondoka. Washa pampu kwa mbali, kisha chomoa antena ya mtandao au zima ruta, uone inajizima kwa muda uliopanga. Isipokuwa LoRa: huko zima kituo cha nyumbani, usichomoe antena. Washa tena, kata umeme mkuu, urudishe, uone inabaki imezimwa. Inua boya kwa mkono. Jaribio lolote likishindwa, usiiache ijiendeshe, hata kama kuwasha kunafanya kazi vizuri.

Na kwenye mlango wa boksi weka swichi ya kuzungusha yenye nafasi tatu: mbali, zima, mkono. Ukiwa kwenye "mkono", boya na ovalodi vibaki kazini, bodi ndiyo irukwe. Mwonyeshe mlinzi inavyotumika, mwandikie kwa kalamu isiyofutika kando yake, na mwachie namba ya fundi.